Jina la Solon

Katika vyuo vya ualimu wanachuo huwapa wakuu wao majina, nao wakuu hujifanya hawayajui. Mimi langu nililijua mapema, kwa sababu lilitoka katika somo langu mwenyewe. Mwaka 1987, pamoja na kazi za ofisi, nilikuwa nikifundisha historia ya ulimwengu wa kale kwa mwaka wa kwanza, kipindi kimoja kwa wiki, na nilikuwa nimewasimulia habari za watunga sheria wawili wa Athens, Draco na Solon. Draco, niliwaambia, alikuwa katili. Solon alikuwa na hekima. Sitaficha kwamba nilipokuwa nikimweleza huyo Solon nilikuwa na mtu fulani akilini, na mtu huyo alikuwa amevaa suti yangu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kuandika upya kanuni za chuo, kurasa kumi na moja zilizopigwa chapa, na kila bweni lilikuwa limebandikiwa nakala yake mlangoni.

Siku chache baadaye, jioni, nikiwa napita nyuma ya bweni la wavulana, nikasikia sauti ya chini kutoka dirishani: "Jamani, zimeni taa, Drako huyo!"

Nilikasirika. Kisha nikajipa moyo kwamba msimamia nidhamu hapendwi popote. Lakini nilichokitaka hasa, na ni afadhali nikiseme sasa nikiwa na miaka sabini na kitu, ni kuitwa Solon.

Yote hayo nilikuwa nimeyasahau, au nilidhani nimeyasahau, mpaka kijana mmoja wa ukoo wetu anayesoma Marekani aliponitumia picha ya ukurasa wa gazeti la zamani alilolikuta maktaba. Alikuwa amezungushia duara neno moja katika kichwa cha habari, akaandika chini yake: "Babu, hawa masoloni ni akina nani, na kwa nini wanagombana juu ya kodi?" Nikacheka peke yangu. Masoloni wale walikuwa wabunge wa jimbo. Katika magazeti ya Marekani, hasa ya karne iliyopita, mbunge yeyote aweza kuitwa solon, kwa herufi ndogo, awe na hekima au asiwe nayo, awe ametunga sheria nzuri au amesinzia kikao kizima. Magazeti ya Ufilipino nayo yameurithi mtindo huo. Sababu yake si heshima. Ni upana wa safu ya gazeti. Neno la Kiingereza la mtunga sheria lina herufi kumi, na jina la Solon lina tano. Mhariri mwenye nafasi ndogo na haraka nyingi humchukua Mgiriki aliyekufa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita akamtia pale palipobaki pengo.

Nilimjibu kijana yule kwa maneno machache, lakini swali halikuniacha. Jina la mtu hugeukaje kuwa neno? Na likishageuka, mwenyewe anabaki na nini?

Sisi tunayajua mambo haya vizuri. Tunaye firauni. Firauni alikuwa cheo cha wafalme wa Misri, lakini mtu wa kwetu akisema "fulani ni firauni" hazungumzii Misri hata kidogo. Anazungumzia uovu, nasi tumekwisha pata ufirauni na mafirauni kana kwamba neno lilizaliwa hapa. Tunaye Karuni, ambaye mali yake imekuwa kipimo cha mali zote. Tunaye Abunuwasi, mjanja wa hekaya, anayewashinda wafalme kwa akili. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tisa, na mashairi yake mengi yalihusu divai. Akifufuka leo akasikia watoto wa pwani wanavyomsimulia, sijui kama angejitambua. Hawa wote hawakuulizwa. Jina likishatoka kinywani mwa watu halirudi kwa mwenyewe kuomba ruhusa.

Wagiriki wa kale, kama makabila mengi ya kwetu, walipenda majina yanayosema jambo. Pericles ni aliyezungukwa na sifa. Demosthenes ni nguvu za umma. Themistocles ni utukufu wa haki, ingawa alikuja kushtakiwa kwa uhaini akamalizia maisha yake kwa mfalme wa Uajemi aliyekuwa amempiga vita baba yake. Aristides ni mwana wa aliye bora. Na Draco ni joka. Ndivyo neno lenyewe lilivyo, nyoka mkubwa, hivyo tunaweza kusema kwamba maskini yule alianza safari yake na mzigo begani.

Solon halina bahati hiyo wala balaa hiyo. Ukilipasua, halikupi maneno mawili ya kuunganisha kama Pericles au Demosthenes. Maana tuliyonayo leo aliitia mwenyewe kwa matendo, na wengine wakaijaza baada yake kwa haja zao. Ndiyo maana nimependa kulifuata.

Mtu mwenyewe alizaliwa Athens katika karne ya saba K.K., katika ukoo wa heshima lakini wenye mali ya wastani, na ujanani alifanya biashara ya kusafiri. Alikuwa pia mshairi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kwa hakika kumhusu tunayapata katika beti zake zilizosalia. Habari nyingine tunazipata kwa Herodotus, kwa Plutarch aliyeandika miaka kama mia saba baadaye, na katika kitabu cha katiba ya Athens kilichotoka katika shule ya Aristotle. Kitabu hicho kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi, kikaonekana tena katika mafunjo ya Misri na kuchapishwa London mwaka 1891. Kilikuwa kimenakiliwa nyuma ya karatasi zenye hesabu za shamba. Mimi niliyewahi kukagua madaftari ya shamba la chuo, jambo hilo hunifurahisha kuliko inavyostahili.

Tendo lake la kwanza la hadharani, kama Plutarch anavyosimulia, lilikuwa kuizunguka sheria. Waathens walikuwa wamechoka kupigania kisiwa cha Salamis, wakapitisha sheria kwamba atakayependekeza tena vita hivyo atauawa. Solon akajifanya mwendawazimu. Akaingia sokoni amevaa kofia, akapanda juu ya jiwe la wapiga mbiu, akatoa shairi zima la kuwataka watu wakakichukue kisiwa. Mwendawazimu hashtakiwi. Habari hii sikuwahi kuwafundisha wanachuo wangu. Niliona haifai.

Mwaka 594 K.K. alichaguliwa kuwa mtawala mkuu wa mwaka, akapewa mamlaka ya kupatanisha nchi iliyokuwa ukingoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mashamba ya wadogo yalikuwa yamesimikwa mawe ya alama kuonyesha kwamba yana deni. Mkulima aliyeshindwa kulipa alichukuliwa yeye mwenyewe, pamoja na mkewe na watoto, maana mwili wa mtu ulikuwa rehani halali. Wengine waliuzwa nje ya nchi. Solon akayafuta madeni hayo, akayang'oa mawe, akapiga marufuku mkopo wowote unaowekewa rehani mwili wa binadamu. Aliwatafuta waliouzwa ng'ambo akawarudisha. Mwenyewe anasimulia kwamba baadhi yao walikuwa wamezunguka sana hata wameisahau lugha ya kwao. Kila nikifika hapo husimama kidogo. Mtu kurudishwa kwao akiwa huru, naye hawezi kuwasalimu nduguze!

Tendo lile Wagiriki waliliita kwa neno lenye maana ya kuutikisa mzigo ukaanguka. Na hapo hapo ikazuka kashfa. Inasemekana Solon aliwadokezea rafiki zake kwamba madeni yatafutwa lakini ardhi haitagawanywa upya. Rafiki wakakimbilia kukopa fedha nyingi, wakanunua mashamba makubwa, kisha sheria ikatoka na madeni yao yakafutwa pamoja na ya maskini. Watu wakasema Solon alikula nao. Kilichomwokoa, kwa simulizi ya Plutarch, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekopesha talanta tano, akazipoteza kwa sheria yake mwenyewe. Sidhani kama kuna nchi ambayo habari ya namna hiyo inahitaji maelezo marefu.

Aliwapanga raia katika madaraja manne, si kwa ukoo tena bali kwa mavuno: wa juu ni wale waliopata vipimo 500 kwa mwaka, wakifuatiwa na wa 300, kisha wa 200, na chini yao vibarua. Kipimo kimoja kilikuwa karibu lita 52, yaani debe mbili na nusu hivi. Haikuwa demokrasia, maskini hakuweza kushika ofisi. Lakini aliweza kuhudhuria mkutano wa raia na kusikiliza kesi mahakamani, na raia yeyote aliweza kumshtaki mtu kwa niaba ya aliyedhulumiwa. Kuna sheria moja ambayo mimi kama mwalimu siwezi kuiacha: mtoto ambaye baba yake hakumfundisha kazi yoyote hakulazimika kumtunza uzeeni.

Sheria zote ziliandikwa kwenye mbao zilizokuwa zikizungushwa kwenye fremu, ili kila ajuaye kusoma azisome. Hapo ndipo taabu yake ilipoanza. Plutarch anasema kila siku watu walimjia nyumbani, huyu akisifu, yule akilaumu, mwingine akitaka kifungu hiki kiongezwe na kile kipunguzwe, mwingine akiuliza neno hili lina maana gani. Matajiri walimchukia kwa kuwafutia fedha zao. Maskini walimchukia kwa kutowagawia ardhi. Wengine walimshauri ajifanye mtawala wa peke yake, awanyamazishe wote, kama walivyofanya wengi katika miji ya jirani. Alikataa. Akawaapisha Waathens kuzishika sheria bila kuzibadili, miaka kumi kwa mujibu wa Herodotus, mia kwa mujibu wa kitabu kile cha mafunjo, kisha akapanda jahazi akaondoka kwa miaka kumi. Alikwenda Misri, alikwenda Cyprus. Ile hadithi maarufu ya mazungumzo yake na Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, hesabu ya miaka inaipinga, na Plutarch aliijua hesabu hiyo, lakini akasema hawezi kuitupa hadithi inayomfanana Solon kiasi kile. Hivyo hata kwa mwanahistoria yule jina lilikuwa limekwisha kuwa na nguvu kuliko tarehe.

Mimi huona kwamba hapo, katika kuondoka, ndipo maana ya jina hili inapokaa. Watunga sheria ni wengi. Wanaoandika sheria, wakawa na uwezo wa kuitawala nchi kwa jina la sheria hiyo, kisha wakachukua mfuko wao wakaenda zao, unaweza kuwahesabu kwa vidole. (Nilipostaafu mimi nilihamia mbali na chuo, mwendo wa siku nzima kwa basi. Isidhaniwe ni hekima. Nyumba niliyokuwa nimejenga ilikuwa huko.) Na gharama yake aliilipa. Alirudi akawakuta wakigombana kama alivyowaacha, na akiwa mzee alimwona jamaa yake Pisistratus akinyakua mji. Solon alipinga hadharani, hakusikilizwa. Akachukua silaha zake akaziweka nje ya mlango wa nyumba yake, akasema ametimiza wajibu wake kwa kadiri ya uwezo wake.

Waathens waliofuata walilipenda sana jina lake, labda kwa sababu mwenye jina hakuwepo kuwapinga. Mwaka 403 K.K., baada ya kuwaangusha wale watawala thelathini wa mabavu, waliamua kwamba mji utaongozwa kwa sheria za Solon na za Draco, kama zamani. Katika karne iliyofuata wasemaji wa mahakamani waliita karibu kila sheria "sheria ya Solon", zikiwemo zilizotungwa muda mrefu baada ya kifo chake. Kulitaja jina lilikuwa sawa na kusema: sheria hii ni nzuri, msinibishie.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda hapa. Aeschines, msemaji hodari, alitaka kuwaonyesha majaji jinsi wazee wa zamani walivyokuwa na adabu, hawakurusha mikono wakihutubia. Akawakumbusha sanamu ya Solon iliyosimama kisiwani Salamis, mkono umefichwa ndani ya vazi: hivyo ndivyo Solon alivyozungumza, akasema. Mwaka 343 K.K. mpinzani wake Demosthenes akamjibu kwa hesabu. Watu wa Salamis wenyewe, alisema, wanasema sanamu ile haijatimiza miaka hamsini, na tangu Solon imepita miaka kama 240. Aliyeichonga hakumwona Solon, wala babu yake mchongaji hakumwona. Ningekuwa bado nafundisha, ningeanza kozi nzima ya historia kwa jibu hilo.

Warumi nao walitaka kipande chao. Livy anasimulia kwamba kabla ya kuandika zile Mbao Kumi na Mbili walituma wajumbe Athens kunakili sheria za Solon. Wamarekani wakafuata, wakaita miji yao Solon huko Ohio, Iowa na Maine. Ukumbi wa Bunge lao la Wawakilishi ulipokarabatiwa mwaka 1949 na 1950, ziliwekwa ukutani sura 23 za marumaru za watunga sheria wa dunia, na Solon yumo. Yumo pia Sultani Suleimani wa Uturuki, aliyetawala tangu 1520 hadi 1566, ambaye watu wake walimwita Kanuni.

Neno hilo lituzuie kidogo, maana ni letu pia. Kanuni tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wagiriki. Kwa Wagiriki kanon ilikuwa fimbo iliyonyooka ya fundi, ya kupimia kama ukuta au ubao umekwenda sawa. Mara ngapi nimesimama mbele ya gwaride la asubuhi nikasema "kanuni za chuo" bila kujua kwamba nimeshika kijiti cha seremala wa Kigiriki! Na fimbo ya fundi, kama kila aliyejenga nyumba anavyojua, kazi yake ni kukuonyesha palipopinda. Kubomoa au kutobomoa anaamua fundi.

Hapo sina budi kumrudia Draco, na kurudi chuoni.

Draco aliandika sheria zake mwaka 621 K.K. hivi, miaka kama ishirini na saba kabla ya Solon. Alipoulizwa kwa nini karibu makosa yote ameyapa adhabu ya kifo, inasemekana alijibu kwamba makosa madogo yanastahili kifo, na kwa makubwa hakupata adhabu iliyozidi hiyo. Mtu mmoja wa baadaye, Demades, alisema sheria hizo ziliandikwa kwa damu badala ya wino. Solon alizifuta zote isipokuwa moja, ile ya mauaji. Hayo ndiyo niliyofundisha mwaka 1987, na nilikuwa nikiyasema kwa sauti ya kushusha pumzi, kana kwamba Solon aliacha hiyo moja kwa kuwa muuaji hana cha kutetewa.

Katika kanuni zangu, kifungu cha saba kilisema: "Mwanachuo atakayelala nje ya chuo bila kibali cha maandishi atakuwa amejifukuza mwenyewe." Nilijivunia sana maneno hayo, amejifukuza mwenyewe. Niliona yamenitoa mimi katikati. Hakuna wa kunilaumu, hakuna wa kunibembeleza. Kanuni inafanya kazi peke yake.

Mwaka 1988 kijana mmoja wa mwaka wa pili aliletewa habari usiku kwamba mama yake amezidiwa. Mimi nilikuwa safarini kwa ajili ya mkutano, na kibali kilitakiwa saini yangu. Akaondoka na lori la mazao alfajiri. Siku ya tano alirudi mwenyewe, kichwa kimenyolewa, akaja moja kwa moja ofisini.

"Mkuu, mama amefariki. Tumemzika juzi."

Nikampa pole. Nakumbuka nilimpa pole kwa dhati kabisa. Kisha nikamwambia, "Lakini kanuni unaijua."

Makamu wangu, mama mtu mzima aliyekuwa amefundisha miaka mingi kuliko mimi, alibaki nyuma yule kijana alipotoka. "Mkuu," alisema, "huyu hakutoroka. Huyu alikwenda kuzika." Nikamjibu kwamba kanuni haina macho, na tukianza kuchagua nani kazika na nani katoroka, mwaka ujao kila mmoja atakuwa na maiti. Jibu lile halikuwa la kijinga. Mkuu yeyote wa chuo amewahi kuzikiwa shangazi mmoja mara tatu na mwanachuo yule yule. Lakini mama yule alikuwa akizungumzia mtu mmoja aliyesimama barazani, nami nilikuwa nazungumzia mwaka ujao. Barua niliitia saini kabla ya chakula cha mchana.

Nilikwisha staafu miaka kadhaa niliposoma yaliyomo katika sheria ile moja ya Draco ambayo Solon hakuifuta. Waathens waliichonga upya kwenye jiwe mwaka 409 K.K. hivi, na jiwe hilo lipo Athens mpaka leo, maandishi yake yamefutika sehemu nyingi lakini mwanzo wake unasomeka. Halianzi na muuaji katili. Linaanza na mtu aliyeua bila kukusudia. Huyo haukabiliani na kifo. Anakwenda uhamishoni, na majaji wanapaswa kwanza kuamua alikusudia au hakukusudia. Tena linaacha mlango wa msamaha: baba, ndugu na wana wa marehemu wakikubaliana wote, aliyeua aweza kurudi kwao.

Basi ile niliyoiita sheria ya damu, sehemu yake iliyosalia, ni sheria ya kuuliza. Solon hakuibakiza kwa ukali wake. Mimi niliyefundisha tofauti ya watu hawa wawili, na kumcheka mmoja, nilikuwa nimeandika kifungu ambacho hakikuwa na swali hilo wala mlango huo, cha Draco wala cha Solon.

Mwaka 2016 tulimzika mwalimu mmoja niliyewahi kufanya naye kazi. Baada ya mazishi, tukiwa tumekaa chini ya turubai, mtu mmoja wa makamo, mwenye mvi ubavuni, alikuja akainama mbele yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba." Sikumtambua. Akajitaja. Nikaona miguu yangu imekuwa mizito, ingawa nilikuwa nimekaa.

Alivuta kiti. Ana duka la vifaa vya ujenzi, alisema, na watoto wanne, wa pili ni mwalimu. Aliuliza afya ya mama watoto wangu, nami nikamwambia alitangulia. Tukakaa kimya kidogo. Kisha akacheka, akasema kuna jambo ametaka kuniambia siku nyingi: yeye ndiye aliyeanzisha lile jina, kwenye bweni, mwaka wa kwanza, kabla ya mambo yake hayajatokea. "Ulitufundisha vizuri mno, Mwalimu. Tulipokuona unabandika zile karatasi milangoni, jina lilikuja lenyewe."

Nikamwambia habari za jiwe. Nilimweleza kama nilivyowaeleza darasani, mwaka, mahali, maandishi yanasemaje. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo Draco alikuwa anauliza kwanza mtu alikusudia au hakukusudia?"

"Alikuwa anauliza."

"Basi tulimwonea, Mwalimu."

"Nani?"

"Draco."

Nikakubali kwamba walimwonea. Akanishika mkono kuniinua, tukaenda kunawa, maana chakula kilikuwa kimekwisha pakuliwa.